BUNDUKI YA KIPENYO KIDOGO
Jinsi ya kuichagua, na jinsi risasi zake zijazwavyo upya

Katika malisho ya Marekani yuko mnyama mnene, mfano wa panya mkubwa, achimbaye mashimo marefu chini ya ardhi. Hula majani ya mifugo na mboga za bustani, na mashimo yake huweza kuuvunja mguu wa farasi au ng'ombe akanyagaye pasipo kujua. Kwa muda mrefu wakulima wa huko wamemwinda kwa bunduki nyepesi zenye mtutu mwembamba na shabaha ya mbali. Uwindaji huo umekuza elimu mbili zilizoshikana kama kucha na kidole: elimu ya kuchagua kipenyo cha bunduki, na elimu ya kujaza upya maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa.

Kazi hiyo ya kujaza hufanywa nyumbani, juu ya meza imara, na watu ambao si wahunzi wala si askari. Lakini si kila nchi iiruhusuyo vivyo hivyo. Katika Marekani, kwa sheria ya serikali kuu, mtu ajazaye risasi kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya kiwanda; azijazaye ili kuziuza aihitaji. Katika Ujerumani mtu hana budi kupata kwanza kibali cha kushika baruti. Katika Kenya bunduki na risasi ni vitu vya cheti, na uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka wa 1977. Basi somo hili halimpi mtu ruhusa ya kuanza. Laeleza jinsi kazi ifanywavyo pale iruhusiwapo, na kwa nini haimfai mtu mwenye haraka. Atakaye kuijaribu hana budi kuuliza kwanza sheria ya mahali alipo.

RISASI NI VITU VINNE

Watu wasemapo "risasi" hudhani ni kitu kimoja. Kwa kweli ni vitu vinne vilivyounganishwa. Cha kwanza ni ganda, nalo hufanywa kwa shaba ya manjano. Cha pili ni fataki, kikombe kidogo chenye dawa iwakayo inapogongwa. Kazi yake ni kama kazi ya kiberiti. Cha tatu ni baruti iliyomo ndani ya ganda. Cha nne ni kichwa, yaani ile sehemu iendayo kwenye shabaha.

Mtambo uvutwapo, msumari wa bunduki huigonga fataki. Moto hupita katika tundu dogo na kuiwasha baruti, na baruti hugeuka kuwa hewa yenye moto na nguvu nyingi. Nguvu hiyo hukisukuma kichwa mbele. Wakati huo huo hulitanua ganda mpaka likabana kabisa kuta za chumba cha bunduki, hata hewa isipate njia ya kurudi nyuma usoni pa mpigaji. Kisha shaba hurudi kidogo, na ganda laweza kutolewa.

Mtu asiidharau nguvu hiyo kwa sababu risasi ni ndogo kama kidole. Gurudumu la motokaa huwa na hewa ya ratili 30 hivi kwa kila inchi ya mraba. Risasi iitwayo .223 Remington huruhusiwa kufika ratili 55,000 kwa kila inchi ya mraba. Nguvu hiyo yote huzuiwa na ganda jembamba na komeo la chuma, shubiri chache tu kutoka machoni pa mpigaji. Kila kanuni iliyomo katika kazi hii imetokana na jambo hilo.

RISASI ZIJAZWAZO NA ZISIZOJAZWA

Risasi ndogo za bunduki ni za namna mbili, na mtu asiyezitenganisha atapoteza fedha zake bure.

Namna ya kwanza ni zile ambazo dawa ya kuwasha imetiwa ndani ya ukingo wa ganda. Asili yake ni kazi ya Mfaransa Louis Flobert mwaka wa 1845, na katika mwaka wa 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa bastola ndogo iliyotumia risasi za namna hiyo. Iliyo mashuhuri kupita zote, .22 Long Rifle, ilitokea mwaka wa 1887, nayo yatumika mpaka leo ulimwenguni kote. Ni nafuu, haina kishindo kikubwa, na yafaa sana kwa kujifunza kulenga. Lakini msumari wa bunduki huuponda ukingo wake, na dawa iliyokuwamo huteketea. Kwa desturi ganda hilo halijazwi tena. Likishapigwa, kazi yake imekwisha.

Namna ya pili ni zile zenye fataki katikati ya kitako. Fataki iliyoungua husukumwa nje na mpya hutiwa mahali pake. Hapa pia kuna tofauti. Katika miaka ya 1860 Mwingereza Edward Boxer na Mmarekani Hiram Berdan walibuni fataki mbili zisizofanana. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, hivyo sindano ndefu ikiingizwa mdomoni mwa ganda huisukuma fataki nje kwa urahisi. Ganda la Berdan lina matundu mawili madogo pembeni, na sindano hiyo haipati njia, ikilazimishwa huvunjika. Ajabu ni kwamba fataki ya Mwingereza ndiyo iliyoenea Marekani, na ile ya Mmarekani ikashika sana Ulaya. Kwa anayeanza, maganda ya Boxer ndiyo yafaayo. Njia ya kuyatambua ni kumulika taa ndani ya ganda tupu na kuhesabu matundu.

KIPENYO HUCHAGULIWA KWA KAZI

Kosa la wengi ni kuchagua bunduki kwa sifa zake za mbio na kishindo. Aliye na busara huuliza kwanza maswali matatu. Nitalenga nini? Kitakuwa umbali gani? Na nyuma yake kuna nini? Swali la tatu ndilo lisahauliwalo, ingawa ndilo zito. Hata ile .22 Long Rifle, ambayo wengine huiona kama mchezo wa watoto, kichwa chake huweza kuruka maili moja na nusu. Palipo na nyumba, njia au malisho ya jirani, hakuna kipenyo kidogo kiasi cha kumwondolea mpigaji wajibu wa kutazama kiendako.

Akishajibu hayo, azipime risasi hizi zifuatazo, ambazo zote hujazwa upya.

.22 Hornet. Jina lake ni la nyigu. Katika miaka ya 1920 wataalamu wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Springfield, Massachusetts, akiwamo Townsend Whelen, walilijaribu ganda la zamani la mwaka wa 1885 kwa baruti mpya. Winchester ilianza kuuza risasi hizo mwaka wa 1930. Hutumia baruti kidogo, kishindo chake ni cha wastani, na hufaa kwa yadi 150 hivi. Ila yake ni kwamba ganda lake lina kuta nyembamba. Mikono mizito hulikunja mdomo mara moja. Huwafaa wakaao karibu na majirani, mradi wawe wenye subira.

.222 Remington. Ilitolewa mwaka wa 1950, nayo ni kazi ya Mike Walker wa kampuni ya Remington. Hakulichukua ganda la zamani na kulikata. Alibuni jipya kabisa. Kichwa cha greni 50 hutoka kwa mwendo wa futi 3,140 hivi kwa sekunde. Ilipendwa mno na walenga shabaha kwa sababu hupiga mahali pamoja, na kwa miaka zaidi ya 20 ilitawala mashindano ya kulenga mezani. Hufaa mpaka yadi 200 na zaidi. Siku hizi maganda yake hayapatikani kwa wingi kama zamani.

.223 Remington. Hii ni ndugu wa .222, ganda likiwa limerefushwa wakati jeshi la Marekani lilipotafuta risasi ndogo kwa bunduki mpya. Ilianza kuuzwa kwa raia mwaka wa 1964. Kwa kuwa hutengenezwa kwa wingi sana, maganda, vichwa na vitabu vyake hupatikana kwa urahisi kuliko vya nyingine. Kwa sababu hiyo pekee, wengi wafundishao kazi hii huko Marekani humwelekeza mwanafunzi aanze nayo.

.22-250 Remington. Ganda lake ni kubwa, limetokana na la .250 Savage la mwaka wa 1915. Kwa miaka mingi mafundi walilijaza kwa vipimo vyao wenyewe, mpaka Remington ilipolitoa rasmi mwaka wa 1965. Hupiga mbali kupita zile tatu, lakini hula baruti nyingi, hupiga kelele nyingi, na huuchakaza mtutu upesi zaidi. Anayeanza hana haja nayo, isipokuwa kazi yake ni ya uwanda mpana usio na watu.

Hapo msomaji aona ya kwamba hakuna iliyo bora kwa wote. Mwenye shamba dogo aliyenunua .22-250 amenunua kelele. Mwenye uwanda mpana aliyenunua Hornet amenunua masikitiko.

Liko jambo moja zaidi la kutazama kabla ya kununua. Ndani ya mtutu mna mifereji ipindayo, nayo hukizungusha kichwa ili kiende sawa. Mtutu wa Hornet kwa desturi huzungusha mara moja katika inchi 16, wa .222 mara moja katika inchi 14. Mitutu ya .223 hutofautiana sana, na mingi ya siku hizi huzungusha mara moja katika inchi 8 au 9. Kichwa kirefu na kizito chataka mzunguko wa haraka. Kikitiwa katika mtutu wa mzunguko wa pole, hupepesuka njiani kama mlevi, na kwenye karatasi huacha tundu la ubavu badala ya tundu la duara. Kwa hiyo mtu ajue mzunguko wa mtutu wake kabla ya kununua vichwa.

MAJINA YADANGANYAYO

Mgeni wa kazi hii hushangaa akiambiwa kwamba .22 Hornet ya siku hizi, .222, .223 na .22-250 zote hutumia vichwa vya kipenyo kimoja, yaani inchi .224. Tarakimu za jina ni jina tu. Vichwa vyaweza kuwa sawa, lakini maganda hayafanani wala nguvu hazifanani.

Hatari huzidi maganda yanapofanana na vichwa vinapotofautiana. Mwaka wa 2011 ilikubaliwa rasmi huko Marekani risasi iitwayo .300 AAC Blackout. Ganda lake limetokana na lile la .223, lakini kichwa chake kina upana wa inchi .308. Baadhi ya risasi hizo huweza kuingia katika chumba cha bunduki ya .223 na komeo likafungika. Mtambo ukivutwa, kichwa kinene hakina njia ya kupita katika mtutu mwembamba, na bunduki hupasuka. Ajali za namna hiyo zimekwisha kutokea. Na iliyosababisha si baruti mbaya wala chuma dhaifu, bali risasi mbili kuchanganywa katika mfuko mmoja.

Vile vile risasi ya kijeshi ya milimita 5.56 na ile ya .223 hufanana machoni kama pacha. Bunduki iliyoandikwa 5.56 huweza kutumia .223, bali bunduki iliyoandikwa .223 peke yake haifai kupewa ya 5.56. Neno lililochongwa katika mtutu ndilo la kufuatwa, wala si maneno ya muuzaji au ya rafiki.

VYOMBO VYA KUANZIA

Kazi hii haitaki karakana kubwa. Mwaka wa 1943 Fred Huntington wa Oroville, California, alianzisha kampuni ya RCBS kwa kutengeneza kalibu za kufanyizia vichwa vya risasi, wakati vita vilipovifanya kuwa adimu. Vikombe vya nje vya vichwa hivyo vilitokana na maganda yaliyokwisha kupigwa ya .22 zile za ukingo. Hivyo ganda lisiloweza kujazwa tena lilipata kazi nyingine. Mwaka wa 1958 Richard Lee alitoa seti ndogo ya vyombo iliyotumia nyundo nyepesi tu, na watu wengi wasio na uwezo wakapata kuanza.

Siku hizi anayeanza huhitaji vitu hivi:

1. Kitabu cha vipimo kilichotolewa na kampuni itengenezayo baruti au vichwa. Hiki ndicho cha kwanza, na hununuliwa kabla ya chombo cho chote cha chuma. Husomwa chote mara mbili.

2. Shinikizo la mkono, lililofungwa imara juu ya meza isiyotikisika.

3. Kalibu mbili za risasi ile ile: moja ya kulirudisha ganda katika umbo lake, na nyingine ya kukitia kichwa. Pamoja nazo, kishikio cha kitako cha ganda.

4. Mizani ya baruti. Hupima kwa greni, nazo greni 7,000 hufanya ratili moja. Mizani isiyojaribiwa kwa uzito unaojulikana ni mizani isiyofaa.

5. Kipimo cha kalipa cha kupimia urefu, na chombo cha kukatia maganda yaliyorefuka.

6. Ubao wenye matundu wa kusimamishia maganda, faneli ndogo, mafuta ya kupaka maganda, na miwani ya kukinga macho.

HATUA ZA KAZI

Hatua ya kwanza ni kulikagua ganda. Lenye ufa mdomoni hutupwa. Lenye mstari wa kung'aa ulizungukao karibu na kitako hutupwa pia, maana ni alama kwamba shaba imepungua ndani na ganda li karibu kukatika vipande viwili. Mafundi huingiza waya uliopindwa ncha na kuupitisha ndani ya ukuta. Waya ukinasa katika mfereji, ganda hilo halijazwi.

Hatua ya pili ni kusafisha na kupaka mafuta kidogo. Ganda kavu hunasa katika kalibu hata lisitoke. Lenye mafuta mengi hubonyea begani.

Hatua ya tatu ni kulipitisha ganda katika kalibu ya kwanza. Kumbuka kwamba lilitanuka lilipopigwa. Kalibu hulirudisha katika kipimo, na sindano iliyomo huisukuma fataki kuukuu nje. Maganda ya kijeshi mara nyingi fataki yake imebanwa kwa chuma ukingoni. Mbano huo huondolewa kwanza, la sivyo fataki mpya haitaingia sawasawa.

Hatua ya nne ni kupima urefu. Shaba hutambaa mbele kila ipigwapo. Ganda la .223 halipasi kuzidi inchi 1.760, na la .222 halipasi kuzidi inchi 1.700. Lililozidi hukatwa, kwa maana mdomo mrefu hubanwa na chumba, hukishika kichwa kisitoke, na nguvu hupanda kupita kiasi. Hapa yaonekana jinsi unene wa karatasi chache uwezavyo kutenga usalama na ajali.

Hatua ya tano ni kutia fataki mpya kwa mkono mwepesi, mpaka ikae chini kidogo ya usawa wa kitako. Fataki iliyochomoza huweza kuwaka komeo lifungwapo.

Hatua ya sita ni baruti, na hii ina habari zake hapa chini.

Hatua ya saba ni kukitia kichwa kwa kalibu ya pili mpaka urefu wa risasi nzima uwe sawa na ule wa kitabu. Hatua ya mwisho ni kuifuta mafuta, kuikagua na kuitia sandukuni. Juu ya sanduku huandikwa jina la risasi, uzito wa kichwa, jina na kiasi cha baruti, aina ya fataki, na tarehe. Sanduku lisilo na maandishi ni hatari iliyowekewa mtu mwingine.

BARUTI SI CHUMVI YA MCHUZI

Mpishi huweza kuongeza chumvi kidogo akaonja, akaongeza tena. Baruti haionjwi. Mfaransa Paul Vieille alipotoa baruti isiyo na moshi mwaka wa 1884, alileta nguvu nyingi kuliko ile baruti nyeusi ya zamani, na tangu hapo kujaza ganda kwa kukisia kukawa ni kujitafutia maafa.

Baruti zi namna nyingi. Nyingine huungua upesi, za bastola. Nyingine huungua pole, za bunduki kubwa. Kwa macho huweza kufanana kabisa. Greni zinazofaa za baruti moja huweza kuipasua bunduki zikiwa za nyingine. Kwa hiyo kopo moja tu huwa mezani wakati wa kazi, na mengine yote hukaa kabatini. Baruti iliyobaki hurudishwa katika kopo lake siku ile ile. Iliyosahauliwa katika chombo kisicho na jina haikisiwi kwa rangi wala kwa umbo, huharibiwa.

Anayeanza huanza na kipimo cha chini kilichoandikwa katika kitabu, wala haanzi na cha juu. Hupanda kidogo kidogo, akijaribu risasi chache kila mara, na husimama aonapo dalili za nguvu kuzidi: komeo kuwa gumu kufunguka, fataki kubonyea kabisa au kutoboka, alama za chuma kuchapwa katika kitako cha ganda. Akibadilisha kitu cho chote, iwe kichwa, fataki, ganda au hata fungu jipya la baruti ile ile, hurudi chini na kuanza tena. Kipimo cha jirani ni cha bunduki ya jirani.

Kabla ya kukitia kichwa hata kimoja, ubao wote wa maganda humulikwa kwa taa, na baruti ndani ya kila moja hutazamwa kama imelingana. Ganda lililotiwa mara mbili laweza kuipasua bunduki. Lisilotiwa kitu lina hila nyingine: fataki peke yake huweza kukisukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na risasi ifuatayo ikakikuta humo. Mpigaji asikiapo mlio mdogo usio wa kawaida, huacha mara moja, hungoja kidogo mtutu ukielekea mahali salama, huondoa risasi zote, kisha hutazama mtutu kama uko wazi.

UHIFADHI NA AFYA

Baruti na fataki havikai pamoja. Kila kimoja hukaa katika chombo chake cha asili, mahali pakavu na baridi, mbali na moto, pasipofikiwa na watoto. Fataki hazimwagwi katika chupa, kwa kuwa moja ikiwaka huziwasha zote. Baruti iliyooza hutoa harufu kali na vumbi la rangi ya kutu, hiyo haitumiwi.

Katika vichwa na katika fataki nyingi mna madini ya risasi, ambayo ni sumu iingiayo mwilini pole pole. Basi mezani pa kazi hapaliwi wala hapanywewi wala havutwi sigara, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto au kukaribia chakula.

Je, kuna faida ya fedha? Kwa mwaka wa kwanza mara nyingi hakuna, kwa sababu ya vyombo. Baadaye huja, maana ganda ndilo kwa kawaida lililo ghali katika risasi nzima, nalo hutumika mara nyingi likitunzwa. Kwa mfano wa hesabu tu, wala si kipimo cha kufuata: kama kila ganda lingechukua greni 20, ratili moja ya baruti ingejaza maganda 350. Lakini wengi walioshika kazi hii miaka mingi hutaja faida nyingine kwanza. Risasi iliyofanywa kwa ajili ya bunduki moja hupiga mahali pamoja, na mpigaji ajuaye risasi itafika wapi hana haja ya kupiga mara ya pili. Mnyama hafi kwa mateso, wala risasi haipotei kwenye malisho ya mtu mwingine.

Meza ya kazi haitaki redio, wala maongezi, wala mtu mwenye usingizi. Aitwaye katikati ya kazi huyaacha maganda, na arudipo huyakagua upya yote toka la kwanza, hata kama ana hakika alipofika. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema. Na katika kazi hii ukosefu wa baraka ni chuma kupasuka karibu na jicho.